Mjane na Samaki wa Dhaka

Wari, Dhaka
26 Julai 1991

Mwanangu Pranabesh,

Harusi ya Tandra, binti wa Jyotsna na Anukul, yule binamu wa baba yako, imepita salama. Bwana harusi ni kijana mrefu, mpole, anafundisha hesabu huko Mymensingh. Mvua ilinyesha tangu asubuhi lakini turubai halikuvuja. Lile shuka nililolidarizi miezi saba wamelitandika kitandani kwa maharusi, na wanawake wa upande wa bwana harusi wamelipapasa mpaka nikaogopa watalichafua.

Siku ya harusi nilitoka kidogo kuutazama mji. Ni mji mkubwa. Nilirudi jioni.

Shemeji Anukul anasema mwezi wa tisa atakuja Kalkuta kwa daktari wa macho, kwa hiyo nitamsubiri tusafiri pamoja. Mwambie mkeo Mallika asimpe Bibi yako maji ya baridi, kile kikohozi chake hakipendi. Dengu ziko kwenye mtungi wa pili, si wa kwanza.

Mama yako,
Suhasini

*

Krishnanagar
5 Agosti 1991

Mama mpendwa,

Naigusa miguu yako kwa heshima.

Barua yako imefika Jumamosi. Siku hiyo hiyo imefika na barua ya Mama mdogo Jyotsna. Yako ina mistari kumi na miwili. Yake ina kurasa nne.

Anasema asubuhi ya harusi uliondoka bila kuaga, ukapotea siku nzima katika mji usioujua, mvua inanyesha, na watu wakaacha shughuli wakaanza kukutafuta. Hilo ningelivumilia. Lakini anasema tena kwamba kaka yake, Haripada, alikwenda Chawkbazar kuchukua mtindi wa karamu, akakuona kwa macho yake ndani ya hoteli, umekaa dirishani, meza moja na mwanamume mwenye ndevu usiyemjua, mnacheka. Na mbele yako kulikuwa na sahani ya samaki.

Mama, nimeisoma barua hiyo mara tatu. Nimekaa kazini sikuweza kuandika hata jina langu. Wewe ni mjane wa Kihindu, mjane wa Gobinda Bagchi. Tangu Baba afariki hakijaingia kinywani mwako kitunguu, seuze samaki. Hapa watu wanakutaja kwa wake zao kama mfano. Mimi ni katibu wa kamati ya hekalu. Unajua wangapi wanakitaka kiti hiki.

Niambie si kweli. Niandikie kwamba Haripada alimwona mjane mwingine. Sari nyeupe zote hufanana, na mvua ilikuwa inanyesha. Neno moja tu kutoka kwako, mimi nitamwandikia Mama mdogo na yatakwisha hapo. Bibi sijamwambia, na sitamwambia.

Mwanao,
Pranabesh

*

Wari, Dhaka
14 Agosti 1991

Mwanangu Pranabesh,

Macho ya Haripada ni mazima kabisa. Mjane aliyemwona ni mimi. Usimwandikie mtu kwamba sari nyeupe zote hufanana.

Sasa kaa chini nikueleze siku nzima, maana kwa Jyotsna umeipata vipande vipande, tena vile alivyochagua yeye.

Siku moja kabla ya harusi nilikuwa napiga pasi nguo za Tandra. Jyotsna akaingia, akazungukazunguka, akashika hiki, akaweka kile. Nikamwambia, “Sema, Jyotsna, unanitia kizunguzungu.”

“Dada, ni hii shughuli ya kesho asubuhi, ya kumpaka bibi harusi manjano.”

“Ina nini?”

“Unawajua watu. Upande wa bwana harusi wanashika sana mila. Wakikuta mjane amekaa pale, watasema tumemtia mtoto nuksi. Kaa kile chumba cha nyuma, karibu na stoo ya mchele. Chakula nitakuletea mwenyewe. Na jioni vilevile, mpaka wageni waondoke. Usionekane tu, dada yangu.”

Nikamwuliza, “Na shuka langu je, nalo likae stoo?”

Akacheka. Alidhani natania.

Pranabesh, vyumba vya nyuma navijua mimi. Ulipomleta Mallika nyumbani, aliyempokea mlangoni kwa taa na maziwa ni mke wa jirani, kwa sababu mume wake yu hai. Mimi nilikuwa jikoni, nachungulia kwenye ufa wa dirisha. Mkwe wangu nilimwona kisigino kabla sijamwona uso. Na wewe siku ile hukuuliza niko wapi.

Basi asubuhi ya harusi niliamka, nikaoga, nikavaa sari safi. Nikawasikia wanawake wanaanza kupiga vigelegele uani. Nikachukua mwavuli, nikapita mlango wa mbele. Wamesema nisionekane pale. Hawakusema nisionekane mjini.

Mwendesha riksho ya baiskeli alinitazama juu mpaka chini. “Wapi, Bibi?”

“Wageni wewe huwapeleka wapi?”

“Wageni gani?”

“Waliokuja kutazama.”

“Mumeo yuko wapi, tumngoje?”

“Amekufa.”

“Mwanao?”

“Yuko India.”

“Sasa Bibi unakwenda na nani?”

“Na wewe, ukianza kukanyaga.”

Akacheka mpaka mwisho wa barabara. Alinipeleka Lalbagh, kwenye ile ngome ya zamani. Mvua ilikuwa imepungua na majani yote yanang'aa. Ndani kuna kaburi la binti mmoja aliyechumbiwa na mwana wa mfalme, akafa kabla ya harusi. Mlinzi aliniambia kwamba baba yake ndiye aliyekuwa anaijenga ngome, na binti alipokufa akasema mahali hapa pana nuksi, akaacha kujenga. Mpaka leo haijaisha.

Nikamwambia, “Kwa hiyo mtoto amekufa, na lawama kapewa yeye.”

Mlinzi akasema, “Mimi sikuliwaza hivyo, Mama.”

Nikamwambia, “Basi liwaze, una siku nzima hapa.”

Palikuwa na mpiga picha anayewafuata wageni. Aliponikaribia alisita, akanitazama nguo, akataka kugeuka. Nikamwita mwenyewe. Aliniuliza kama kuna wengine wanakuja, nikasema hakuna, nipige peke yangu. Tangu baba yako afe sijasimama mbele ya kamera. Katika picha zenu zote za miaka kumi na mmoja mimi ndiye ninayemshika mtoto wa mtu nje ya picha. Hii hapa naiweka ndani ya bahasha. Tazama nilivyosimama.

Baada ya hapo nilikwenda mtoni, nikatazama meli za abiria zinavyosukumana, watu wanaruka na mabegi kichwani, mwingine kabeba jogoo anayepiga kelele kuliko kengele. Hakuna aliyeniuliza mimi ni mjane wa nani. Nilisimama pale mpaka miguu ikachoka. Kisha nikasikia njaa, njaa ya kweli, si ile ya mfungo.

Hoteli ile iko karibu na Chawkbazar. Mhudumu ni mtu mzima, ndevu kazipaka hina. Akaniwahi mlangoni. “Familia huku ndani, Mama, nyuma ya pazia.”

“Leo sina familia.”

“Wanawake, nina maana.”

“Pale dirishani kuna nani?”

“Hakuna mtu, lakini…”

“Sasa yupo.”

Nikakaa. Alikuja kunipangusia meza, akainama akaninong'oneza, kwa wema kabisa, nakuapia: “Mama ni Mhindu, na naona ni mjane. Dengu yetu leo haina kitunguu. Nitakuletea na boga, na sahani nitaiosha mara mbili.”

Mwanangu, ningeweza kula ile dengu. Ningerudi nyumbani kama nilivyoondoka, na wewe ungebaki na kiti chako. Kwenye meza ya pili mtu alikuwa anakula, na ile harufu ikaja, haradali na pilipili mbichi.

Nikamwuliza, “Yule anakula nini?”

“Samaki wa ilish, Mama. Wa asubuhi hii.”

“Niletee huyo. Sehemu ya tumbo, usiniletee mkia. Na kichwa kama kipo.”

Akatupa kitambaa begani. Halafu akaguta kuelekea jikoni kwa sauti ya kusikika na barabarani, “Ilish, tumbo na kichwa, meza ya dirishani!”

Siku baba yako alipoanguka kazini kulikuwa na samaki jikoni kwetu. Walikuja kuniambia, na wakati wengine wanalia, Bibi yako aliiepua sufuria motoni akaitoa nje. Baadaye akanivua bangili. Nakumbuka nilimlilia Gobinda wangu, na katikati ya kilio nikajua kwamba sitakula tena samaki, nikajionea haya kwa kuliwaza hilo. Miaka kumi na mmoja nimelionea haya. Siku ile ya Dhaka nilichoka kulionea haya.

Samaki alipokuja nilidhani nitalia. Sikulia. Nilikula. Ulimi ulikuwa haujasahau, ulikuwa unaitenga miiba wenyewe, mmoja mmoja, kama nilivyofundishwa na mama yangu. Nilikula vipande vitatu na kichwa, nikaomba wali mara mbili.

Sasa tuje kwa yule mwenye ndevu. Mvua ilirudi kwa nguvu, watu wakajaa, mhudumu akaniuliza kama mtu anaweza kukaa mbele yangu. Anaitwa Keramat Ali, nahodha wa meli ya kwenda Barisal, ana wajukuu tisa na amenitajia wote. Alinitazama nikinyonya kichwa cha samaki, akasema, “Bibi ametoka ng'ambo, India.”

“Umejuaje?”

“Hamu hiyo. Kwenu ilish wanafika wamelala kwenye barafu wiki mbili.”

“Sisi tuna wetu, wa mto Ganga.”

“Wa Ganga? Bibi, yule si ilish. Yule ni dagaa aliyevimba.”

“Na huyu wenu wa mto Padma ana mafuta kama tajiri asiyetembea.”

“Lakini umemaliza kichwa!”

“Nilikuwa nahakikisha.”

Hapo ndipo nilipocheka mpaka nikashika meza, na hapo ndipo Haripada alipopita na vyungu vyake vya mtindi. Kama angeingia ningempisha akae.

Nilirudi jioni, nikapita mlango ule ule wa mbele. Ukumbi umejaa. Jyotsna akanidaka kiwiko, akaninusa. “Dada, unanukia nini?”

“Haradali.”

“Haradali na nini?”

“Na ilish.”

Akaniachia kiwiko. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi akauliza kwa sauti, “Huyu nani?” Kabla Jyotsna hajabuni jibu, Tandra akaita kutoka pale alipokaa na taji lake, “Mama mkubwa! Nimekutafuta tangu asubuhi. Ndiye huyu aliyedarizi shuka langu.” Akasogea, akanipisha nikae ubavuni kwake. Nikakaa, sari nyeupe na sari nyekundu. Paa halikuanguka. Bwana harusi aliniamkia.

Nilikuandikia mistari kumi na miwili kwa sababu nilikuogopa, wewe niliyekufundisha kutembea. Hilo ndilo ninaloliona aibu katika habari yote hii.

Mama yako,
Suhasini

*

Krishnanagar
24 Agosti 1991

Mama,

Picha nimeichana.

Sikuwahi kufikiri kwamba mama yangu angeniandikia maneno kama yale, tena kwa furaha, kama mtu anayesimulia sinema. Habari imeshafika hapa. Binamu wa Haripada anafanya biashara Ranaghat, karibu na hapa. Watu wawili wa kamati wamenijia, na wamezungumza nami kwa upole, ambao ni mbaya kuliko matusi.

Nimekwenda kwa kuhani wa familia. Kwa heshima ya Baba amekubali kuyamaliza kimyakimya. Utafunga siku tatu bila maji. Utaapa mbele ya madhabahu, kuhani na kamati wakiwepo, kwamba ulipotewa na akili ugenini. Baada ya hapo hakuna atakayelitaja tena.

Bila hivyo siwezi kukuruhusu uingie jiko la Bibi. Amejua. Analia. Amesema hatapokea hata maji kutoka mkononi mwako.

Fikiria vizuri.

Pranabesh

*

Krishnanagar
25 Agosti 1991

Mama,

Mwandiko ni wangu lakini maneno ni ya Bibi. Ameniambia niandike kila neno analolitamka, hata ya ukali, na nikimaliza nimsomee ahakikishe. Mume wangu hajui. Mallika.

Suhasini. Ni mimi Nistarini, mama mkwe wako. Kwanza, habari ya maji sikuisema mimi. Mjukuu wangu ameyatamka maneno hayo kwa kinywa chake akayapachika jina langu. Nilimsikia akichana kitu chumbani na kusonya. Nikamwuliza Mallika, Mallika akababaika, nikampiga fimbo ya mguu, akasema. Amenisomea barua yako ndefu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kisha akanisomea tena pale pa hotelini.

Silii. Nimekasirika. Usidhani kwamba sikukasirika.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na mimba ya miezi minne, mimba ya huyo Gobinda wako, siku nilipofiwa na mume, wakaniondolea sahani ya samaki. Nina miaka themanini na moja sasa. Hesabu mwenyewe. Kila siku ya mfungo nimeuona ulimi wangu unakauka kama jani, na nimekaa kimya, nikasifiwa, na sifa hizo sijui nizipeleke wapi.

Sasa andika hili, Mallika, usisite. Siku Gobinda alipokufa, ile sufuria niliyoitoa nje, nilijua ninachokufanyia. Wengine waliokuwa pale hawakujua, walikuwa na waume zao. Mimi peke yangu nilijua uzito wake. Ningeweza kuiacha. Nilijiambia, kwa nini iwe mimi tu? Hilo sijamwambia mtu, hata mungu sikumwambia waziwazi. Nakwambia wewe kwa sababu umekwenda ukaila ile sahani bila kuniomba ruhusa, na hilo ndilo lililoniudhi: kwamba ilikuwa inawezekana. Inawezekana mtu kuondoka tu, na mwavuli.

Mimi sitakula. Si kwa ajili ya dhambi. Meno sina, na mwiba wa ilish utanikaba nife kabla sijamweleza kuhani ninavyomwona.

Rudi nyumbani. Hufungi, huapi. Jiko lile nililipokea mimi kwa mama mkwe wangu, si Pranabesh. Nani aingie na nani asiingie nitasema mimi.

Mwisho wa maneno ya Bibi.

Mama, picha niliokota vipande nikavigandisha kwa uji wa mchele. Sikio moja halionekani. Bibi ameiweka chini ya mto. Mimi pia nataka useme nilikukosea wapi, nisikukosee tena. Ile siku ya kuletwa nyumbani nilidhani hukutaka kunipokea. Miaka sita nimedhani hivyo.

Mallika

*

Wari, Dhaka
4 Septemba 1991

Pranabesh,

Simngoji Anukul. Nimejikatia tikiti ya basi mpaka mpakani, nitavuka kwa miguu, na upande wa pili nitapanda treni. Nitafika nyumbani Jumatano tarehe kumi na moja, alasiri. Usitume mtu kunipokea.

Sitafunga. Sitaapa kwamba akili zilinipotea, kwa sababu hazikunipotea, na wewe unajua. Kama kamati inataka kunisikia, nitawaeleza kama nilivyokueleza wewe, pamoja na habari za nahodha.

Bibi yako hakusema yale uliyoyaweka kinywani mwake. Ukitaka kunikataza jambo, nikataze kwa jina lako, mwanangu, unitazame usoni. Usijifiche nyuma ya ajuza.

Nitapita mlango wa mbele.

Mama yako,
Suhasini

*

Krishnanagar
29 Septemba 1991

Mpendwa Jyotsna,

Nimeondoka kwako bila kuagana vizuri, na kabla ya hapo nikaondoka siku ya harusi bila kuaga kabisa. Kwa kukutia hofu siku ya shughuli yako, naomba radhi. Kwa mengine siombi, nawe usiningoje. Najua ulikuwa unamwogopea mwanao. Mimi pia nilikuwa na mwana wa kumwogopea, na angalia hofu imetufikisha wapi sote wawili.

Nataka ujue yaliyotokea, uyapate kwangu.

Mpakani nilisimama foleni ya saa nne na hakuna aliyeniuliza kitu zaidi ya jina. Nilipofika nyumbani Pranabesh alikuwa amesimama barazani na kuhani na watu wawili wa kamati. Amekonda. Moyo ulinipasuka, sikufichi. Nilitamani kumwuliza amekula nini. Kuhani akakohoa, akaanza, “Mama Suhasini, kabla hujakanyaga kizingiti…”

Ndipo tukasikia fimbo. Unamjua mama mkwe wangu: mbele ya wanaume wageni hajatoka tangu enzi za Mwingereza. Alitoka, Jyotsna, kichwa hajafunika vizuri, akasimama katikati ya baraza, akasema, “Pranabesh, mama yako amebeba mzigo. Mpokee.”

Pranabesh hakusogea. Mallika akapita ubavuni mwake, akashuka ngazi, akachukua begi langu, akanigusa miguu palepale kwenye matope, jirani wote wanatazama.

Kuhani akasema, “Bibi, kuna sheria.”

Bibi akamjibu, “Sheria hiyo naijua kuliko wewe. Wewe umeisoma tu. Umewahi kukaa siku nzima bila maji mwezi wa tano, huku unawapikia wengine?”

“Bibi, mimi…”

“Umewahi au hukuwahi?”

“Sikuwahi.”

“Basi kanywe maji, halafu uende kwako.”

Akafungua mwavuli akaenda, na wale wawili nyuma yake. Nikapanda ngazi, nikapita mlangoni. Pranabesh alinitazama usoni, hilo alilifanya. Akasema polepole, “Mimi nakukataza, Mama. Kwa jina langu.”

Nikamwambia, “Sasa nimekusikia. Na sitakutii.”

Nikaingia jikoni, nikakuta dengu zimewekwa mtungi usio wake.

Sikuelezi kwamba yote yamekuwa matamu. Kamati imemwondoa ukatibu. Anakula peke yake baada yetu sote kumaliza, na akinipita ukumbini anatazama saa yake. Kuna nyumba mbili hazituiti tena kwenye shughuli. Mwanangu nampenda, na namwachia hasira zake azimalize mwenyewe. Mimi sitazipikia tena.

Samaki tumepika mara tatu. Mama mkwe anakaa kwenye kibao chake, hali, lakini chumvi anaisimamia yeye, na juzi alimwambia Mallika kwamba haradali imesagwa kwa uvivu. Mallika sasa anakula nasi, sahani yake karibu na yangu.

Na mambo mengine mapya. Mama mkwe ameniuliza habari za ile ngome siku nane mfululizo: kuta zake rangi gani, mlinzi alikuwa na masharubu, watu waliingia wanalia au wanacheka. Siku ya tisa akasema ameishi miaka yote hii mwendo wa saa tatu kutoka Kalkuta na amefika huko mara moja tu, kuoga mtoni, macho kayainamisha. Amesikia kuna treni inayopita chini ya ardhi. Haamini. Anataka kuipanda, na baada ya hapo anataka kukaa mahali penye viti, aagize aiskrimu, kwa sababu haihitaji meno na hakuna kitabu kitakatifu kilichoitaja.

Tunaondoka kesho kwa treni ya asubuhi, mimi na yeye, wajane wawili na mwavuli mmoja. Pranabesh tumemwambia. Hatukumwomba.

Dada yako,
Suhasini